Siku Waliyogawana Zita na Francisca

Saa nne asubuhi stendi ya Nyakanazi haisikilizani. Malori ya Rusumo yanashusha pumzi za breki, wapiga debe wanagombea abiria wa Kahama na Kigoma, na moshi wa mahindi ya kuchoma unachanganyika na vumbi la Julai mpaka mtu hajui anakohoa kwa sababu ya kipi. Katikati ya makelele hayo alisimama msichana mmoja, kichwa kakiinamisha upande, anasoma ubao.

Ubao ulikuwa mweusi, wa shule, umeegemezwa mlangoni mwa duka la steshonari. Kila asubuhi mwenye duka, Frednand, aliandika kwa chaki mambo yaliyotokea tarehe kama hiyo miaka ya nyuma. Madereva waliupenda. Wengine walisimamisha malori ili wausome tu, kisha wakanunua kalamu kwa aibu. Siku ile ilikuwa tarehe 18 Julai 2023, na ubao ulisema hivi:

WALIOZALIWA: 1918, Nelson Mandela.
WALIOFARIKI: 1872, Benito Juárez, rais wa Meksiko. 2000, Francisca wa Kaniha.
MATUKIO: Mwaka 64, moto mkubwa waanza kuteketeza mji wa Roma.

"Kaka, ubao wako una upungufu," msichana alisema.

Frednand aliinua macho kutoka kwenye mashine ya kutolea kopi. Aliona sketi ya bluu, sare ya ofisi ya mabasi, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi kwa hasira, nywele zilizosukwa twende kilioni, na macho yaliyoanza kucheka kabla ya mdomo.

"Upungufu gani, dada?"

"Umemwandika Mandela, umeniacha mimi."

"Kwani wewe ni nani?"

"Zita. Kwetu Mabawe, Ngara. Nimezaliwa leo, mwaka 2000. Nimeanza kazi jana hapo kwenye tiketi, na tangu asubuhi hakuna hata mtu mmoja aliyenitakia heri."

Aliposikia mwaka huo Frednand aliutazama tena ubao. Kisha akachukua chaki, akachuchumaa, na chini ya Mandela akaandika: 2000, Zita wa Mabawe.

"Ongeza 'mrembo'."

"Ubao huu unaandika yaliyothibitishwa tu, dada."

"Basi thibitisha."

Akaondoka akicheka. Frednand akabaki na chaki mkononi, mteja wake akilalamika kwamba kopi zake zinatoka nyeusi.

Kuthibitisha kulianza jioni hiyohiyo, kwa simu.

"Namba yangu umeipata wapi?" Zita aliuliza.

"Imeandikwa kwenye dirisha la ofisi yenu, kwa herufi kubwa."

"Hiyo ni ya wasafiri."

"Basi nikatie tiketi. Nataka kusafiri kuja ulipo."

"Nauli yake hutaiweza, wewe!"

Wakapendana. Mchana walikula pamoja ugali na sato kwenye banda la Mama Joyness. Jumapili walikwenda misa ya kwanza, Zita kavaa gauni la njano, Frednand kavaa shati lililopigwa pasi mbele tu kwa sababu nyuma lilifichwa na koti. Zita alimwita Mwalimu kwa ajili ya ubao. Frednand alimwita Roho.

Siku moja Zita aliuliza, "Mwalimu, yule Francisca aliyekuwa ubaoni nilipokuja mara ya kwanza, ni nani?"

Frednand alisukuma sahani. "Mama yangu."

Akamweleza. Yeye alikuwa na miaka sita. Mama alikuwa anatoka shamba saa sita mchana na mzigo wa mihogo kichwani, kwenye barabara ya vumbi ya Kaniha. Lori likamgonga, halikusimama. Walimkuta saa nane, bado anapumua. Wakamfunga kwenye baiskeli kumkimbiza zahanati, na njiani, inakaribia saa kumi, akakata roho. Baba yao alishafariki, hivyo dada yake Frednand, Priscila, aliyekuwa na miaka kumi na sita, akaacha shule ili amlee.

"Mganga alisema angefikishwa mapema angepona," Frednand alisema. "Tarehe hiyo niliichukia maisha yangu yote, Roho. Nilianza ubao ili nione kwamba siku hiyo kuna na mambo mengine. Halafu ukaja wewe. Sasa nasema, siku Mungu aliyoninyang'anya ndiyo siku aliyokuumba."

Zita alilia mbele ya wala chakula wote. Tangu siku ile alimpenda kwa namna ya mtu aliyekabidhiwa kitu.

Mei mwaka 2025 Frednand alikwenda Mabawe kujitambulisha. Alivaa suti ya kijivu. Priscila alivaa kitenge kipya cha maua makubwa, amesimama wima kama mama mzazi. Mbele yao alitangulia mshenga, mzee Malongo. Nyumba ya kina Zita ilikuwa mteremkoni, kati ya migomba na kahawa. Mama yake, Domisiana, aliwapokea kwa vigelegele. Baba, mzee Alfonce, alikuwa dereva wa malori zamani. Sasa alikaa kwenye kiti cha uvivu, mkono wa kushoto umelala mapajani tangu kiharusi kimpige.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni sana."

Pombe ya ndizi ikamiminwa, vicheko vikawa vingi, mzee akatania kwamba binti yake anakula sana. Kisha akauliza, kama mzazi yeyote angeuliza, "Na mama mzazi yuko wapi?"

"Alifariki, mzee. Tarehe 18 Julai mwaka 2000. Aligongwa na lori pale Kaniha, na dereva akakimbia."

"Yesu wangu!" Domisiana akashika kifua. "Siku aliyozaliwa Zita!"

Glasi ya mzee Alfonce ikamwagika. Hakuifuta. Alisema amechoka, akaomba ashikwe mkono, akaingia ndani, na wageni wakaondoka bila kumwona tena.

Baada ya siku nne mshenga alipiga simu. "Frednand, mwanangu, mzee amekataa."

"Kwa nini?"

"Hasemi. Amesema hapana, basi."

Zita aliomba ruhusa kazini akapanda basi la Ngara siku hiyohiyo. Alimkuta baba yake peke yake chini ya migomba.

"Baba, ni kwa sababu hana shamba kubwa?"

"Hapana."

"Ni kwa sababu ni yatima?"

"Hapana."

"Basi niambie, maana kama huna sababu mimi nitaolewa hata bila baraka yako!"

Mzee alimwonyesha kigoda kando yake. "Mwana wanje, kaa," alisema, akimwita mwanangu kwa Kihangaza. Zita akakaa.

"Nilikuwa natoka Kahama na mzigo wa chumvi. Njiani dereva mwenzangu akaniambia mama yako amepelekwa hospitali, uchungu umembana, hali si nzuri. Nikakatiza njia ya Kaniha ili niwahi. Kwenye kona nikagonga kitu. Nikajiambia ni mbuzi. Miaka ishirini na mitano najiambia ni mbuzi." Alifuta mate kwenye mdomo wake uliopinda. "Lakini mbuzi havai kitenge, Zita. Nilikiona kwenye kioo."

"Ukaona, na hukusimama?"

"Nilikuwa nakuja kwako."

Zita alirudi Nyakanazi mtu mwingine. Amwambie Frednand, ampeleke baba mgonjwa jela? Anyamaze, alale kando ya mtu huyu maisha yote akiwa na mdomo uliofungwa? Akaona njia moja tu. Frednand alipopiga simu, alipokea baada ya mara ya tisa.

"Roho, unaumwa? Niambie tu mzee anataka nini. Nitapiga magoti."

"Frednand, usinipigie tena."

"Tangu lini mimi ni Frednand?"

"Nimepata mtu mwingine."

"Nani?"

Zita alitazama nje ya dirisha la ofisi. Dereva mmoja alikuwa anaosha tairi za basi, suruali kaikunja magotini. "Clever," alisema. "Yule dereva."

Simu ikakatika. Zita aliweka kichwa mezani, na abiria wa Kibondo wakasubiri tiketi wakidhani amesinzia.

Frednand aliacha kuandika ubao. Madereva waliuliza, akasema chaki zimekwisha. Alikonda, suti ya kijivu ikamkalia kama ya kuazima. Kila basi la Clever lilipoingia stendi aliacha kazi akasimama mlangoni, atazame kama Zita atatoka kumpokea. Zita hakutoka, naye hakujiuliza kwa nini. Priscila alikuja kutoka Kaniha, akamkuta amelala mchana.

"Amka," dada alisema. "Mwanamke akikuacha, hujafa."

"Dada, mimi nafikiri nimekufa."

Priscila akakaa kitandani kando yake.

Tarehe 18 Julai, Ijumaa, Zita aliingia dukani. Hakuwa na sare. Alijifunga kanga mbili kama mfiwa. Alifunga mlango kwa ndani, akasema siku hiyo hawezi kuipitisha na mdomo uliofungwa, kisha akasema yote akiwa amesimama, bila kufuta machozi: chumvi, njia ya mkato, kona, kitenge kwenye kioo.

Frednand alishika meza. "Nani mwingine anajua?"

"Baba, mimi, na sasa wewe."

"Na Clever?"

"Clever hajawahi hata kunisalimia kwa mkono. Ana mke na watoto wanne."

Frednand akacheka. Ilimtoka tu, furaha ya mtu aliyesikia kwamba bado anapendwa, na kabla kicheko hakijaisha kikageuka kilio. Zita alimkumbatia. Walishuka wote wawili hadi sakafuni, kati ya maboksi ya karatasi.

"Wewe hukuendesha lile lori, Roho," Frednand alisema hatimaye. "Tutaoana. Unanisikia? Tutaoana."

Mwezi Agosti mzee Alfonce mwenyewe aliomba apelekwe Kaniha. Alipofika uani kwa Priscila alitaka kupiga magoti, mguu ukamkatalia. Frednand akamshika asianguke.

"Ni mimi," mzee alisema. "Nilikimbia."

Priscila alikuwa anapepeta maharage. Aliuweka ungo chini polepole.

"Alipiga kelele ulipomgonga?"

"Sikusikia, mama. Injini ilikuwa na kelele."

"Mimi nilimsikia, kwenye baiskeli. Alikuwa anauliza kama Frednand amekula." Aliwatazama kuku walioanza kudonoa maharage yake. "Miaka yote hii nikimwona mwanamume wa makamo barabarani nakutafuta wewe usoni mwake. Nimechoka, mzee. Nimekusamehe kwa sababu nimechoka. Polisi ukitaka kwenda, nenda, mimi sitakupeleka." Akaingia ndani, akamletea maji.

Wote walilia. Domisiana, aliyekuja na mumewe, alikumbatiana na Priscila, mshenga akaitwa upya, ndoa ikapangwa Novemba. Ungesema mambo yameisha.

Hayakuisha. Walipokwenda Biharamulo mjini kuchagua kitambaa cha shela, Zita alijizungushia kitambaa cheupe mbele ya kioo, akazunguka mara mbili.

"Mwalimu, nimependeza?"

"Ulizaliwa saa ngapi?"

Zita akasimama. "Nini?"

"Saa ngapi, siku ile?"

"Mama anasema saa tisa alasiri."

"Na baba yako alikuwepo?"

"Alifika nikiwa nimeshazaliwa. Alinipokea mwenyewe kwa nesi."

Frednand aliitikia kwa kichwa, akamlipa muuzaji, wakarudi Nyakanazi. Zita hakuelewa mpaka wiki mbili baadaye. Kila alipomgusa mkono, mkono ulikubali lakini macho yalikwenda mbali. Mwisho alimbana walipokuwa peke yao dukani.

"Sema, mpenzi. Mimi nilisema langu."

"Dada amesamehe," Frednand alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nami nimejaribu, Zita. Kila asubuhi najaribu. Lakini ukicheka nafanya hesabu. Kabla ya saa kumi baba yako amekubeba, anakuimbia. Na mama yangu yuko kwenye baiskeli, bado anapumua, ananiulizia mimi. Siwezi kuitoa kichwani."

"Itapita."

"Nami nilidhani hivyo."

"Sasa unataka tufanye nini?"

Frednand alianza kupanga kalamu mezani. Zita aliona hajui, na kwamba hatajua, na kwamba atamwoa kwa sababu aliahidi, kisha amtazame hivyo miaka hamsini. Kesho yake aliomba uhamisho wa kwenda ofisi ya Kigoma.

Siku ya kuondoka Frednand alimbebea sanduku. Zita alivaa gauni la njano la misa na kilemba cheusi. Wapiga debe waliomzoea walimtania, akawajibu kwa utani, mpaka wakafika mlangoni mwa basi.

"Nitakupigia," Frednand alisema.

"Usinipigie."

"Nakupenda, Zita. Hilo nalo ni kweli."

"Najua. Ndiyo maana naondoka ungali unanipenda." Alishika kishikio cha mlango, kisha akageuka. "Nikuulize kitu kimoja, unijibu ukweli. Kama ingewezekana, ungependa nisingezaliwa siku ile?"

Konda alipiga bodi ya basi mara mbili. Muuza maji alipita kati yao na beseni. Mtoto fulani alilia ndani, akabembelezwa, akanyamaza.

"Hapana," Frednand alisema.

Zita alimtazama usoni kwa upole, kama anayemwonea huruma.

"Asante kwa kulifikiria kwanza," alisema, akapanda.

Kiti chake kilikuwa upande wa pili, asikoweza kuonekana. Basi likachukua barabara ya Kigoma. Frednand alilikimbilia hatua saba au nane, akaita jina lake, akasimama. Watu wa stendi waliokuwa wanatazama wakageuza nyuso zao, wakaendelea na kazi.