Bomba la Moshi Ukuta wa Mashariki

Eliana alikuwa amesimama robo saa nzima kwenye kaunta ya duka la Kalpesh, Singida mjini, akisukumwa na wanunuzi wa bati na misumari, ndipo mkono wenye vumbi la saruji ulipompokonya kiwiko cha bomba.

"Hicho ni cha maji, dada. Wewe unataka cha moshi."

"Umejuaje?"

"Hita ya gesi umeipakata kama mtoto mchanga."

"Mtoto mwenyewe yuko njiani. Dada yangu anakuja kujifungulia kwetu, na atakandwa maji ya moto siku arobaini. Sitaki mama akohoe tena kwenye kuni."

Jina lake Shukuru, fundi bomba, ovaroli yake ya bluu imepauka kwa kufuliwa. Eliana alivaa gauni la kitenge cha njano alilojishonea, maana ushonaji ndiyo kazi yake, na lilimkaa vizuri mno. Wangeachana palepale ingekuwa heri. Lakini nani amkataze mtu aliyekwisha kucheka?

Jumamosi Shukuru alikuja kuifunga hita, akamwamkia mama yake Eliana shikamoo, akatoboa ukuta wa mashariki wa korido ya bafu, akalilaza bomba la moshi litokee nje. Eliana alimshikia pimamaji.

"Mbona limeinama? Fundi gani huyu asiyejua kunyoosha?"

"Nimeliinamisha kidogo kwenda nje, mpenzi, maji yasirudi kwenye hita."

"Mpenzi nani?"

"Huyo aliyeshika pimamaji."

Miezi miwili baadaye walikuwa wanazungumza habari za posa. Damari, dada yake Eliana, akajifungua mtoto wa kiume. Shukuru alikuwa kazini Kiomboi upepo wa kiangazi ulipoanza, akapiga simu.

"Eli, upepo huo wa mashariki utapuliza kwenye bomba mpaka ndani. Mwambie mama asilizibe, hata baridi iweje. Moshi ukikosa njia unaua."

"Sawa, fundi wangu. Umekula?"

"Viazi."

"Viazi tu? Utanijia umekonda, watu waseme sikulishi!"

Wakacheka, wakapanga rangi ya shela, simu ikaisha chaji. Mama hakuambiwa kitu.

Na mama alifanya kama alivyofanyiwa na mama yake: mzazi hapigwi na upepo. Alifunga madirisha yote, na alipohisi ubaridi ukipenya kwenye hita, akatoka nje akashindilia kipande cha khanga kwenye mdomo wa bomba. Asubuhi alimkanda Damari vizuri, akamwachia maji ya moto yanatiririka aoge, akaenda kukoroga uji, mjukuu mgongoni. Uji ulipoiva, Damari alikuwa sakafuni. Hakuamka tena.

Shukuru alifika mchana uleule, akapanda kulikagua bomba. Eliana alimwona akichomoa khanga ile, akiitazama, kisha akiisokomeza ndani ya ovaroli. Aliijua, ilikuwa ya mama yake.

Baada ya mazishi, baba mdogo Hezekia alimsimamisha fundi mbele ya ukoo.

"Bomba lako limemuua mwanetu. Unasemaje?"

"Ni kosa langu, mzee. Mnisamehe."

"Hatuendi polisi. Lakini nyumba hii usiikanyage tena."

Eliana alikuwa amekaa mkekani karibu na mama yake. Alilia, akaficha uso. Moyoni alijiona mchafu kuliko mtu yeyote mjini.

Wiki mbili baadaye alimkuta Shukuru stendi, begi begani, akisubiri gari la Nduguti. Eliana alikuwa amevaa kaniki ya msiba, macho yamevimba.

"Kwa nini hukusema?"

"Mama yako amemzika binti yake. Nimwambie ni mkono wake?"

"Ulinionya mimi, Shukuru. Mimi ndiye niliyesahau."

"Najua."

"Nioe, tuondoke wote."

"Na mama? Akija kututembelea ananitazama kama muuaji, nami namwamkia. Siwezi kuishi hivyo, Eli." Alimgeukia. "Wewe mwambie ukoo ulisahau. Jitaje wewe tu. Nitarudi leo hii kukuposa."

"Nikisema ulinionya, watauliza ulionya nini. Mama atajua."

"Ndiyo. Atajua."

Konda akaita. Shukuru alisubiri. Akasubiri mpaka gari lilipoanza kusogea, akimtazama midomo. Eliana alimpenda kuliko roho yake, na hakusema neno. Shukuru akapanda.

Nyumbani mama alikuwa anamnywesha mjukuu maziwa.

"Nasikia yule fundi ameondoka."

"Ameondoka, mama."

"Afadhali. Ningekufa kama ungeolewa na mtu aliyemuua dada yako."

"Ndiyo, mama," alisema Eliana, akampokea mtoto.