Malimi Aliingia Kinyumenyume

Jumamosi ile saa saba mchana, mitaa ya maduka ya Makoroboi ilikuwa imejaa mpaka mtu akikohoa anamkoholea mwenzake mgongoni. Katikati ya watu hao alikuwa akijipenyeza Malimi, mwanamume wa miaka thelathini na sita, suruali nyeusi ya kitambaa, shati jeupe lililolowa jasho kwapani, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa taulo.

Mama mmoja wa mitumba akamwita, "Baba! Mama yake huyo mtoto yuko wapi?"

Malimi akaendelea kujipenyeza. Alikuwa amechoka. Tangu mwezi wa sita uanze alikuwa akipiga video za harusi na sendoff kila wiki, Nyegezi leo, Igoma kesho, na kuwaangalia watu wenye furaha kuanzia asubuhi hadi jioni kunachosha kuliko kulima.

Duka la kamera alilolikusudia lilikuwa kona ya pili. Nyuma ya kaunta aliketi Akumu, binti wa Shirati, miaka thelathini na tatu, blauzi ya kijani ya kazini, nywele amezisuka na kuzifunga juu, na katikati ya nywele hizo amechomeka bisibisi. Aliutazama mzigo wa taulo.

"Karibu. Ana nini?"

"Anatetemeka," Malimi akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi, kanisani. Bibi harusi anaingia, picha inacheza kuliko kwaya."

Akumu akafungua taulo. Ndani mlikuwa na kamera na stabilaiza ya mkono, ile fimbo yenye mota tatu ambayo kazi yake ni kuituliza kamera wakati mpiga picha anatembea. Akaipachika kamera, akaitazama inavyoinama mbele kama mzee anayesinzia kwenye ibada.

"Umeweka lenzi nzito na hukusawazisha. Mota zinashindana na uzito badala ya kutuliza picha. Nyie wanaume mnawasha kwanza, mengine mnayafikiria baadaye." Kisha akaona bandeji kwenye kifundo cha mkono wa mteja wake. "Na huo?"

"Huo nao unatetemeka."

"Huo sina spea yake. Unabeba kilo nne kwa mkono mmoja kutwa nzima, unategemea nini? Wewe unataka ya kuvaa."

Akamletea ile kubwa: fulana ngumu ya mikanda, mkono wa chuma wenye springi unaotokea kiunoni, na mlingoti wa kusimamishia kamera. Malimi alikuwa amejiwekea akiba ya mwaka mzima kwa ajili ya kitu kama hicho, akatoa pochi hapo hapo. Akumu akairudisha pochi kwa ncha ya kidole.

"Hapa hatuuzi kwa picha ya kwenye simu. Vaa kwanza. Weka kamera yako mwenyewe, na lenzi yako mwenyewe. Tembea mpaka mlangoni urudi. Mgongo ukikataa, utaniachia mali yangu na hela yako utaondoka nayo."

Akamfunga mikanda. Bega la kulia, bega la kushoto, kiuno.

"Vuta pumzi."

"Nimevuta."

"Sasa itoe. Sikusema ujivune."

Mikanda ile hufungwa mara moja. Akumu aliifunga mara tatu, na kila mara alikuwa na sababu ya kitaalamu.

Wakati wa kuandikiana risiti akamhutubia kama muuguzi anayemruhusu mgonjwa. "Betri ziko mbili. Chaji zote mbili, kila siku, kwa chaja yake. Ya simu usiiguse. Ukiongeza kitu chochote juu ya kamera, hata taa ndogo, zima, sawazisha upya, ndipo uwashe. Usipofanya hivyo mota zitafanya kazi mara mbili na betri itakufia njiani. Ukikwama, piga namba hii kabla ya saa kumi na moja. Waliotengeneza wako mbali, ukiwaandikia leo watakujibu wiki ijayo wakikushukuru kwa kuwaandikia. Mimi nipo hapa."

Malimi aliishi peke yake Buhongwa, vyumba viwili, na ilikuwa miaka mingi hajaambiwa na mwanamke kwamba yupo hapa. Akaondoka na mashine, na ile sentensi akaondoka nayo pia.

Jumatatu alipiga simu.

"Fundi, taa ya kijani inawaka."

"Ndiyo kazi yake, mteja wangu."

Jumanne. "Fundi, springi inalia."

"Inalia vipi?"

"Kama inamwita mtu."

"Itie tone la mafuta, itanyamaza. Na wewe pia."

Alhamisi: "Fundi, umekula?"

"Hilo halimo kwenye garantii."

"Sasa lipo dirisha gani?"

"Saa saba na nusu nakuwa kwa mama ntilie wa nyuma ya duka. Ukija, njoo na njaa yako, usije na hiyo mashine."

Hivyo ikawa. Miezi mitatu ya sato na ugali, utani na simu. Alimwita "fundi wangu", naye akamwita "baba springi". Kila mmoja alijua, mama ntilie alijua, hata mlinzi wa duka alijua. Lililobaki ni mtu mzima mmoja kufungua mdomo.

Jumapili moja walitembea ufukweni, Akumu amevaa gauni la kitenge cha bluu lililomshika vizuri, viatu mkononi, ziwa limelala kimya na vivuko vinakwenda taratibu kwa mbali. Malimi alikuwa amevaa mashine yake eti anaijaribu, anarudi nyuma huku anampiga picha. Ndiyo kazi ya watu wa harusi: bibi harusi anakwenda mbele, wao wanakwenda kinyumenyume, na wasipoangalia wanaangukia keki.

"Bosi anafungua duka Dodoma," Akumu akasema. "Anataka mimi nikalisimamie. Jibu si kesho, ni Jumatatu ijayo."

Malimi akasimama. Mashine ikatulia kifuani.

"Wewe unaonaje?" Akumu akauliza, na aliuliza akiwa ametazama lenzi, si maji.

Malimi aliona giza. Lakini alikuwa ameamka saa kumi alfajiri, mgongo unauma, na mwanamume aliyechoka husema jambo la kwanza linaloonekana la busara. "Ni nafasi nzuri," akasema.

"Nafasi nzuri," Akumu akarudia.

"Tuzungumze Jumapili ijayo. Jumamosi nina kazi."

"Mimi pia Jumamosi nina shughuli ya nyumbani. Jumapili basi. Nikipata neno la kunizuia, sawa. Nisipopata, naenda."

Malimi akaapa moyoni kwamba Jumapili atasema. Alilipanga mpaka neno la kwanza.

Kazi ya Jumamosi ilikuwa ya kuupiga picha ujumbe wa watu wa Tarime waliokuwa wanapeleka posa Igogo. Umeme wa Buhongwa ulikatika tangu Ijumaa jioni, kwa hiyo betri ya pili ilikuwa na robo tu. Na kwa kuwa nyumba za Igogo zina vyumba vyenye kiza, Malimi akaongeza taa juu ya kamera. Hakusawazisha upya. Alikuwa na haraka.

Ujumbe ukateremka, wanawake wa Tarime na vigelegele vyao, wazee na kofia zao. Malimi akatangulia mbele yao kinyumenyume, akavuka geti kinyumenyume, akaingia ua wa watu kwa kutanguliza makalio. Hakuona kibao, hakuona mlango, hakujua ni kwa nani. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani, alimpisha akicheka, "Huyu amekuja kutuoa au kutukimbia?"

Desturi ya siku kama hiyo haileti mtarajiwa hivi hivi. Kwanza wanaletwa wengine, mmoja mmoja, wamefunikwa khanga gubigubi. Msemaji wa wageni anafunua, watu wanacheka, anakataa, anarudishwa ndani. Malimi alikuwa ameshapiga picha mambo hayo mara mia. Akampiga wa kwanza. Kisha kamera ikainama, mota zikapiga kelele ya mbu, na betri ikafa.

Akamwachia nafasi mwenzake Mashimba, mpiga picha za mnato, akakimbilia gari lililokuwa nje ya geti. Kubadili betri, kung'oa taa, kusawazisha: dakika ishirini zikaenda. Aliporudi, katikati ya ua alisimama msichana amefunikwa khanga nyekundu. Msemaji akaivuta.

Alikuwa Akumu.

Wanja machoni, shanga shingoni, gauni jeupe la kuazima. Vigelegele vikapanda. "Ndiye!" msemaji akapiga kelele. "Huyu tunamchukua hata kwa miguu!"

Akumu akacheka. Kisha akaiona lenzi, na nyuma ya lenzi akamwona Malimi. Akaona labda Mungu amemrahisishia kazi: akamtazama moja kwa moja na kutabasamu, tabasamu la kumwambia, unaona mambo yanavyofanyika?

Mtu mwenye akili zake angesubiri dakika tano. Lakini Malimi aliliona gauni jeupe, akakumbuka "shughuli ya nyumbani", akakumbuka "nikipata neno la kunizuia". Akaivua mashine, akamkabidhi Mashimba. "Malizia. Tumbo."

"Tumbo limefanyaje?"

"Tumbo, Mashimba!"

Akatoka. Jioni akazima simu.

Jumapili Akumu alipiga mara kumi na moja. Akakaa kitandani kwake amevaa kitenge cha bluu mpaka kikajikunja. Alichokiona yeye ni kimoja: alimtabasamia mwanamume mbele ya watu, na mwanamume akakimbia. Jumatatu saa nne akaingia kwa bosi.

Malimi alifanya kazi. Akapiga harusi mbili Sengerema kwa mashine iliyotulia na uso uliovurugika. Kazi ya Igogo aliiacha ndani ya kompyuta bila kuifungua, mpaka wenyewe wa Tarime walipoanza kumfokea: wiki mbili, wanataka video yao. Jumanne saa tano asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaifungua.

Alimpitisha Akumu haraka kwa kidole. Kikaja kipande alichopiga Mashimba. Msemaji anacheka, anatikisa kichwa: "Mzuri, lakini siye!" Akumu anarudishwa ndani. Anatoka wa nne, amefunikwa khanga ya kijani, anafunuliwa: msichana mwembamba, watu wanaimba jina lake, Dorcas, anavishwa pete. Na nyuma yake, pembeni kabisa ya picha, Akumu anapita na kreti la soda, anatazama geti, anaweka kreti chini, anatazama geti tena.

Malimi alirudisha kipande kile mara nne. Kisha akavaa shati.

Dukani Akumu hakuinua kichwa. "Leo imeharibika nini?"

"Hakuna. Mashine nzima."

"Basi umekosea dirisha. Hapa ni kwa wenye matatizo."

"Yule mama wa Igogo mwenye kitambaa cha njano ni nani wako?"

Akumu akainua kichwa. Malimi akaeleza: betri, taa, gari, khanga nyekundu. Alieleza vibaya, akirudia rudia, lakini lilieleweka. Akumu akacheka kwanza, halafu hasira ikafika.

"Nilikuwa nabeba soda! Yule ni shangazi yangu, na Dorcas ni mtoto wake. Mimi nabeba soda, wewe unaniozesha Tarime!"

"Msemaji alisema ndiye."

"Alisema hivyo hata kwa Rebeka aliyenitangulia, na Rebeka ana wajukuu wawili!"

"Sikumwona Rebeka. Nilikuwa nabadili betri."

"Na taa hukuisawazisha."

"Sikuisawazisha."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Akumu akachomoa bisibisi nywelini, akaiweka mezani polepole. "Nilikaa na lile jibu mpaka Jumatatu saa nne, Malimi. Saa nne na robo nikamwambia bosi ndiyo. Tarehe moja naanza Dodoma."

Nje, mtu alikuwa anatangaza soksi kwa kipaza sauti. Malimi akakaa kwenye benchi la wateja, akaegemea ukuta.

"Kwa hiyo nimechelewa."

"Umechelewa. Nimeshatia sahihi, na sahihi yangu siifuti."

Malimi akafumba macho, akayafumbua. "Akumu. Dodoma watu hawaoani?"

"Wanaoana."

"Kwa hiyo harusi zipo."

"Zipo. Wabunge wanaoana sana." Akamtazama. "Unaniuliza habari za soko, au unaniuliza mimi?"

"Wewe. Nataka kukuoa. Nimechoka kukupigia simu za betri."

"Mwaka wa kwanza hakuna atakayekujua kule. Utalala njaa."

"Najua."

"Na mama yako kule Magu, utamwachia nani?"

"Yupo na dada. Kila nikienda ananiuliza yule fundi wa kwenye simu ni nani."

"Unamjibu nini?"

"Namwambia ni huduma kwa wateja."

Akumu akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika. Alipokitoa, sauti ilikuwa imeshuka. "Shangazi hapendi watu wanaochelewa. Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Uje na wazee wanaojua kusema, na huo uso uwe umelala. Hivyo ulivyo watadhani tunaolewa na msiba."

Akangoja jibu. Halikuja. Kichwa cha Malimi kilikuwa kimelalia ukuta, mdomo wazi kidogo, mkono wenye bandeji umeanguka juu ya paja.

Simu ya mezani ikalia. Akumu akaidaka mlio wa kwanza. Upande wa pili mwanamume alikuwa anafoka: stabilaiza inazunguka yenyewe, yuko kanisani, bibi harusi ameshashuka garini, wamsaidie sasa hivi.

"Izime, uiwashe ikiwa imesimama wima," Akumu akanong'ona.

"Sema kwa nguvu, dada, sikusikii!"

"Siwezi, kaka," Akumu akasema vilevile kwa kunong'ona. "Hapa kuna mtu amelala."