Kilemba cha Bibi Herborg

"Sikivai."

Nilikuwa nimekaa mbele ya kamera, taa zinaniwakia usoni. Sjur akashusha kamera taratibu.

"Oddny, mpenzi, ni picha tu."

"Ndiyo maana sikivai."

Mpiga picha huyo ndiye mpenzi wangu, huu mwaka wa tisa. Kanisa la kijijini kwetu, huku Hardanger, linaadhimisha jubilei, na yeye kapewa kazi ya kupiga upya picha za wazee wa zamani kwa kutumia sisi wajukuu wao. Mimi nilipangiwa Herborg, bibi yake bibi yangu, aliyechorwa mwaka 1868. Tumefanana mpaka inatisha: pua ile ile, kidevu kile kile, hata jicho la kushoto linalosinzia kidogo. Tatizo liko kichwani. Herborg amevaa kilemba cheupe cha kitani chenye marinda, na kwetu kile ni cha mke wa mtu. Ambaye hajaolewa havai, hata afikishe miaka hamsini.

Shangazi Ragna alitumia siku mbili kuyapanga marinda yale. Sasa alikuwa amesimama amekishika kilemba kwa mikono miwili, uso umemshuka.

"Sjur, mwanangu," akasema, "uliponiagiza kilemba cha Oddny nilijua kuna jambo. Kumbe hakuna jambo?"

"Ni kwa ajili ya maonyesho, shangazi. Nani atajali?"

"Kwaya nzima. Nimeshawaambia."

Simu yangu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Asbjørn, fundi wa mitambo kwenye kivuko ninachoendesha: "Nahodha, hongera. Tumesikia kilemba kimeagizwa. Keki yako iko huku."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamkabidhi Sjur simu.

"Mjibu wewe."

Akasoma.

"Na usikie hili pia," nikasema. "Ile kazi ya Tromsø niliyokuambia, kule mbali kaskazini, nimeipata. Wanataka jibu kesho. Nimekaa wiki nzima nasubiri uniambie nisiende."

"Usiende."

"Kwa nini nisiende?"

Badala ya kujibu, akachomoa picha kwenye mkoba wake. Ilikuwa ya baba yake akiwa kijana, na ungeapa ni Sjur mwenyewe.

"Hapa ana miaka thelathini na tano," akasema. "Aliaga anakwenda kununua rangi ya mashua. Hakurudi. Mimi nafikisha umri huo mwezi huu. Miezi minne nazipiga picha hizi nyuso, Oddny, nimeona damu inavyofanya kazi. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nilimhurumia, na nilitaka kumzaba kibao, vyote kwa pamoja.

"Shangazi, Herborg alikuwaje majini?"

"Yule? Alikuwa anatapika mashua ikiwa bado imefungwa gatini."

"Umesikia? Mimi nimechukua uso wake wote, na navusha watu ghuba hii mara kumi na nne kwa siku. Usinisingizie damu. Baba yako aliondoka siku moja. Wewe una miaka tisa mguu mmoja ndani, mmoja nje."

"Mwambie," shangazi akaninong'oneza, kisha akajifanya anakunja kitambaa.

Sjur akaiangalia simu yangu aliyokuwa bado ameishika. Akaandika taratibu, akanionyesha kabla hajatuma: "Asbjørn, ni mimi Sjur. Hajakubali bado. Sijamuuliza."

Akatuma. Halafu akaiweka picha ya baba yake sakafuni, akachuchumaa mbele ya kiti changu.

"Nataka kukuoa," akasema. "Naogopa, lakini nataka."

"Unaogopa nini hasa?"

"Kukuacha."

"Basi usiniache. Ukitaka kwenda kununua rangi, twende wote."

Akataka kucheka, kicheko kikamshinda, kikageuka kilio. Alilia waziwazi, mabega yanamtikisika, bila hata kujificha uso mbele ya shangazi yangu. Nikaitazama ile picha ya baba yake pale sakafuni, nikamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza sikuona walipofanana.

"Ndiyo," nikamwambia. "Sasa nipe simu niwajibu watu wa Tromsø kwamba siendi."