Njia Fupi ya Leparua

Haya yalimpata kaka yangu Tari. Niliyaona mwenyewe, mchana, jua likiwa juu, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni giza lililonidanganya. Lakini yalianza siku ya Alhamisi ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Tangu nilipoacha shule kidato cha pili, mama alipofariki, nilikuwa nauza katika duka la Muthomi mjini Isiolo. Ni duka la vipuri vya pikipiki: tyubu, helmeti, taa, chaja. Tari alikuwa na skuta ndogo nyekundu, na kazi yake ilikuwa kuwapelekea wafugaji dawa za mifugo. Wiki hiyo alikuwa amepewa kazi kubwa, kupeleka chanjo ya mbuzi Leparua kila Ijumaa. Chanjo husafirishwa kwenye boksi la barafu. Barafu ikiyeyuka njiani, chanjo imeharibika, na kazi inapewa mtu mwingine. Huko mtandao wa simu hukatika, ndiyo maana alikuja kutafuta GPS ya kufunga kwenye skuta.

Alitusalimia salaam aleikum. Muthomi ni Mmeru na hupenda utani. Alijibu salamu vizuri, kisha akachungulia nje na kusema hiyo ni skuta ya mwalimu wa kike ya kwenda kanisani, magurudumu yake hata mkokoteni ungeyakataa, na Leparua itaimeza.

"Wacha iimeze," Tari akasema. "Wewe niuzie macho tu."

Kulikuwa na aina tatu kwenye kabati la kioo, nikazitoa zote. Ya kwanza ilikuwa na skrini kubwa nzuri, lakini nilipoitoa nje juani niliona uso wangu tu, ramani haikuonekana. Ya pili ilikuwa ya kuongea. Tari akauliza, ndani ya helmeti, na upepo huu wa Isiolo, atasikia nini? Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kijivu. Haikuongea. Ilionyesha mshale, ramani na umbali uliobaki, ilifanya kazi bila mtandao, na ilichora mstari mwekundu kila mahali ilipopita. Tena ilikuwa na mahali pa kuchagua, barabara kubwa au njia fupi. Kasoro yake ilikuwa kishikizi. Kilitengenezewa baiskeli, na kwenye usukani wa skuta kilicheza kama jino bovu.

Muthomi alimshauri angoje kishikizi cha kufaa, kinakuja na mzigo wa Nairobi. Alimshauri pia achague barabara kubwa. Tari alisema barafu haingoji mzigo wa Nairobi. Akachukua ya kijivu. Akachagua njia fupi.

Jioni, uani kwetu Chechelesi, nilimsaidia kuitayarisha. Niliiweka Kiswahili, nikasimama langoni, nikabonyeza mahali palipoandikwa Nyumbani, ili ijue pa kumrudisha.

Sasa niwaeleze kuhusu rundo la mawe. Lipo upande wa Leparua, ukishavuka laga, ule mto mkavu, na linanifika kifuani. Chini yake amezikwa mtu aliyeuawa zamani, ambaye hakuna anayelijua jina lake. Wapita njia wengi huongeza jiwe au tawi bichi, wengine hupita tu. Sisi wa ukoo wetu hatupiti bila kuweka. Hata mtoto aliye mgongoni hutolewa mkono ashikishwe kokoto, alirushe. Tukiwa wadogo tuliambiwa kwamba babu yetu ndiye aliyeweka jiwe la kwanza, nasi tulijivunia hilo, mfano wa watu ambao babu yao alichimba kisima.

Tari alilijua rundo lile tangu utotoni. Lakini alilijua kutoka upande wa barabara. Ijumaa ile, njia fupi ilimtoa barabarani kabla ya laga, ikampitisha kwenye miiba, akatokea nyuma ya rundo, upande ambao hakuna mtu wetu aliyewahi kutokea. Macho yake yalikuwa kwenye mshale. Skuta iliruka juu ya mawe, kishikizi kikalegea, GPS ikaanguka. Alinisimulia mwenyewe aliporudi, akicheka. Alidhani ni mawe yaliyomwagwa na watu wa kutengeneza barabara. Aliokota moja bapa, akagonga kishikizi, halafu akalisukumiza lile jiwe kati ya kishikizi na usukani na kulifunga kwa ukanda wa tyubu. Likakaa sawasawa.

"Chanjo imefika baridi kabisa," alisema. "Na haitingishiki tena. Mwambie Muthomi wako."

Nililitazama jiwe. Upande mmoja lilikuwa na doa la kahawia lililoingia ndani, na nilipolisugua kwa mate, kidole changu kikawa chekundu.

Jumamosi asubuhi skuta ilikuwa imeegeshwa uani, ufunguo uko ndani ya nyumba. Niliona skrini inawaka. Mshale ulielekea magharibi. Kwenye ramani, karibu na laga, kulikuwa na kidoti ambacho sisi hatukukiweka, na chini yake umbali wa kutoka hapo hadi Nyumbani. Nilidhani ni hitilafu tu. Nikaenda kufua. Niliporudi kuanika nguo, umbali ulikuwa umepungua.

Skuta haikuwa imesogea. Kidoti ndicho kilichosogea.

Niliacha nguo kwenye beseni nikasimama kukitazama. Kilikuja kwa mwendo wa mtu wa miguu. Mahali njia zinapogawanyika kilisimama kidogo, kama mtu anayewaza, kisha kikaendelea. Kila mara kilichagua upande wetu.

Kilipofika Burat kilisimama sana.

Baadaye bodaboda ilikuja mbio ikielekea hospitali, ikasimama langoni kwetu kuomba kitambaa. Aliyebebwa katikati alikuwa Lokol, jirani yetu anayechunga mbuzi za watu kule Burat. Nilimtambua kwa shati. Taya lilikuwa limening'inia upande mmoja, na damu ilikuwa imetiririka hadi kwenye tangi la pikipiki. Nilimfunga kwa leso yangu. Dereva alisema wamemkuta kando ya njia, na mbwa wake wamepondwa vichwa. Nilimwuliza Lokol ni nani aliyefanya hivyo. Alinivuta karibu, akanong'ona kwa shida, na kila neno lilitoka na povu jekundu.

"Sikuona mtu. Aliniuliza njia. Nikanyamaza."

Walipoondoka niliingia ndani kumwita Tari na nyanya yetu, tunayemwita Akko. Nilimwonyesha Akko kile kidoti, ambacho kilikuwa kimeanza kutembea tena. Akko hajui kusoma na hakukijali. Aliangalia lile jiwe. Aliligusa, akavuta mkono haraka.

Akauliza limetoka wapi. Tari akamweleza, bado anatabasamu. Akko hakupiga kelele. Aliongea chini chini, uso wake ukielekea langoni. Yule mtu wa kwenye rundo, alisema, alikuwa mgeni aliyepotea. Alifika kwenye boma la babu siku ambayo mbuzi walikuwa wameibwa. Alisimama mbali, kwa adabu, akauliza njia. Hakuna aliyemjibu. Walisema ndiye mwizi.

"Lakini babu ndiye aliyeweka jiwe la kwanza," nikasema.

"Kweli, alikuwa wa kwanza," Akko akajibu. "Mtu alikuwa bado amesimama."

Akko akamshika Tari mkono.

"Hatuongezi mawe kwa heshima, mwanangu. Tunaongeza ili asiinuke. Rudisha hilo. Rudisha sasa hivi."

Tari hakucheka tena. Aliinama kwenye usukani akaanza kufungua ule ukanda wa tyubu. Ulikuwa umekaza. Nilikuwa nyuma ya bega lake, na nikaona umbali kwenye skrini ukiisha. Mshale haukuelekea magharibi tena. Uligeuka polepole hadi ukaelekea langoni, kisha katikati ya uwanja, kisha kwa Tari. Chini yake kukaandikwa: Umefika.

Mbuzi tuliyekuwa tumemfunga kwenye nguzo alilia mara moja. Nilipogeuka, kichwa chake kilikuwa kimelala bapa mchangani.

Pigo la kwanza lilimpata Tari mdomoni.

Sikuona jiwe. Nilisikia sauti yake tu, jiwe kwenye mfupa, na meno ya kaka yangu yakadondoka miguuni pake. Aliniangalia. Alikuwa anataka kuniuliza kitu. Akainua mkono kujikinga, na mkono ukavunjika hewani, ukakunjika mahali pasipo na kiungo. Kisha goti. Akaanguka.

Hayakukoma. Mbavu. Bega. Sikio. Ngozi ilipasuka yenyewe mbele ya macho yangu, hapa, halafu pale, na vumbi liliruka kando yake kila pigo lilipokosea. Hakuwa akipigwa na mtu mmoja. Yalikuja kutoka pande zote. Yalikuja kana kwamba boma zima limemzunguka.

Akko alijitupa juu yake. Alisema yeye ni mke wa aliyerusha, apigwe yeye, mtoto hajui lolote. Hakuguswa. Mapigo yalimpita yeye yakatua chini yake. Nilizisikia mbavu za Tari zikivunjika chini ya kifua cha nyanya yangu, na shuka aliyojitanda haikutikisika.

Nikaishika GPS. Vidole vyangu vilikuwa na damu, vikateleza. Nikaipangusa kwa gauni. Nikalitafuta neno Nyumbani. Nikalipata. Ikaniuliza: Futa Nyumbani?

Nikabonyeza Ndiyo.

Kimya.

Ukanda wa tyubu ukafunguka wenyewe, na jiwe likaanguka chini.

Hospitali walimshona na kumfunga plasta, na walisema ni ajabu kwamba anapumua. Polisi waliuliza maswali, wakaandika kwamba ni majambazi. Siku aliyoruhusiwa kutoka nilimleta kwa tuktuk. Aliposhuka hakuingia. Alibaki nje ya lango, mbali kidogo, mikono ameikunja mbele, huku akiniangalia kwa heshima nyingi.

"Samahani, dada," alisema. "Nimepotea. Njia ni ipi?"

Nilimjibu haraka. Nilimshika mkono nikamwambia ni hapa, umefika, ingia.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba mtu akigongwa kichwa hivyo anaweza kusahau. Muthomi alisema hivyo hivyo, akalia, na GPS nyingine za kijivu akazirudisha zote Nairobi. Nami nilitaka sana kuwaamini. Kila siku nilimwonyesha: hiki ni kitanda chako, hiki ni kikombe chako, huyu ni Akko. Alinishukuru kwa kila kitu, hata kwa maji. Tari niliyelelewa naye hakuwahi kunishukuru kwa maji. Akko haketi naye chumba kimoja. Alasiri, tukiwa uani, yeye huigeukia sura ya Akko, huitazama kwa muda mrefu, halafu humwuliza kwa upole mzee wa nyumba atarudi lini.

Babu alikufa kabla Tari hajazaliwa.

Nilitaka kulirudisha lile jiwe. Kwa kuwa sikuijua ile njia fupi, niliiwasha GPS nione Tari alipita wapi. Mistari yake miekundu ya Ijumaa ilikuwapo, wa kwenda na wa kurudi. Kulikuwa na mwingine uliotoka kwenye rundo, ukapitia Burat kwa kusitasita, ukaingia uani kwetu. Huo niliutarajia. Lakini kulikuwa na mmoja zaidi. Ulianzia uani, pale mchanga ulipokunywa damu. Haukufuata njia yoyote. Ulikata nyumba za watu na miiba, ukanyooka hadi kwenye rundo, ukaishia hapo. Ulichorwa mchana ule ule nilipobonyeza Ndiyo, na skuta haikuwa imetoka uani.

Wa kurudi haupo.

Tangu hapo nimekwenda Leparua mara nyingi. Nasimama mbele ya rundo na lile jiwe mkononi, na siwezi kuliweka. Nikiliweka, namwongezea nani uzito? Watu wa kwetu wakipita hurusha mawe yao kama kawaida, na kila jiwe likitua, mimi ndiye ninayeumia.

Mawe ya huku, saa sita mchana, huwa ya moto juu na baridi chini. Jana niliondoa moja. Juu lilikuwa baridi. Chini lilikuwa na joto, na lilikuwa limelowa, mahali padogo tu, upana wa mdomo wa mtu.