Tovuti ya Fundi Soli

Kila asubuhi Fundi Soli alifungua karakana yake kwa mtindo uleule. Kwanza dirisha, ili harufu ya gundi itoke. Kisha taa ya juu ya meza. Mwisho aliifuta vumbi cherehani yake kubwa ya kushonea ngozi, akaipigapiga kama anamwamsha mtu.

Jina la Soli alipewa na wateja. Alikuwa fundi viatu, lakini si wa viatu vya kawaida tu. Alitengeneza viatu vya watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Kiatu kimoja alikiongezea soli, kidogo kidogo, mpaka mtu asimame sawasawa. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, na pamoja na kazi alifundishwa adabu yake. "Usimtangazie mtu mguu wake," mzee alimwambia. Fundi hakuwahi kulisahau neno hilo.

Zamani wateja hawakukatika. Kliniki ya mifupa ilikuwa mtaa wa pili, na wauguzi waliwaelekeza watu kwake. Kisha kliniki ikahamia ng'ambo ya mji. Wauguzi wakabadilika, na hawa wapya hawakumjua. Benchi la kusubiria likabaki tupu. Paka wa jirani akaona hiyo ni bahati yake, akalifanya kitanda.

Siku moja mkewe, Mama Pacha, alichungulia kutoka chumba cha pili, alikokuwa akishona sare za shule.

"Baba Pacha, yule mtu anayetaka cherehani yako amepiga simu tena."

"Anasemaje?"

"Anauliza utamuuzia lini."

Fundi Soli aliitazama cherehani. Hiyo ikiondoka, kazi imekwisha. Soli nene haishonwi kwa mkono.

"Mwambie mwisho wa mwaka," alisema. "Hali ikiwa hii hii, aje aichukue."

Alisema hivyo akitazama ukutani, asije mkewe akamwona macho. Moyo ulimuuma. Jamani, ulimuuma kweli.

Habari haikukaa sana, ikamfikia shemeji yake, mdogo wa Mama Pacha. Huyu alikuwa mtengenezaji wa kadi za harusi. Alikuja mbio.

"Shemeji, usiuze chochote!" alisema hata kabla ya kuketi. "Wewe unahitaji tovuti."

"Tovuti ndiyo nini hasa?"

"Ni kama karakana yako, ila iko ndani ya simu za watu. Mtu popote alipo anaifungua, anaona kazi yako, anakupigia. Niachie mimi."

Wakamwachia yeye. Na shemeji, kwa kuwa mkono wake umezoea kadi za harusi, akatengeneza tovuti yenye sura ya kadi ya harusi. Pembeni maua ya dhahabu. Juu njiwa wawili. Katikati picha ya Fundi Soli ndani ya suti, uso ameukaza utadhani anasubiri hukumu. Chini yake maneno ya kunakshiwa: "Kwa furaha isiyo kifani, tunakukaribisha. Viatu maalumu kwa watu maalumu."

"Mbona haisemi ni viatu gani?" Mama Pacha aliuliza.

"Weee!" Fundi Soli alishtuka. "Niandike mguu mfupi mbele ya dunia nzima? Huko si ni kumvunjia mtu heshima?"

"Haya. Na hao njiwa wamefuata nini?"

"Wanapendezesha, dada," shemeji alijibu.

Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na kihesabu cha wageni. Kila aliyefungua tovuti alihesabiwa. Fundi Soli alikipenda mno kihesabu hicho. Asubuhi akikitazama, kimepanda. Jioni kimepanda tena. "Mama Pacha, wageni wanamiminika!" alikuwa akisema, na mkewe akipiga kigelegele huko huko kwenye sare zake.

Lakini simu haikulia. Na paka aliendelea kulala.

Jirani yao mmoja alikuwa mkutubi wa maktaba ya mtaa, mama mcheshi wa miwani minene. Siku moja alileta kiatu chake kilichong'oka kisigino. Fundi Soli hakungoja kuulizwa.

"Dada, umeiona tovuti yangu?"

"Sijaiona, kaka. Hebu nionyeshe."

Mkutubi alitoa simu yake, akaandika anwani. Akasubiri. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ukurasa bado. Mwishowe njiwa wakatokea, halafu maua, halafu suti. Mkutubi aliangua kicheko.

"Kaka, harusi yenyewe ni lini?"

"Usinicheke. Wageni wanaongezeka kila siku."

"Hongera. Ni akina nani?"

"Sijui. Naona tu wameongezeka."

"Wewe mwenyewe unaifungua?"

"Bila shaka. Asubuhi, nione kama wamekuja. Mchana nachungulia. Jioni pia."

"Hata mimi naifungua," Mama Pacha alisema kutoka chumba cha pili. "Na mdogo wangu huwaonyesha wateja wake wa harusi."

Mkutubi alifunika mdomo kwa kiganja. Hakutaka kusema, lakini ilibidi.

"Basi wageni ni nyinyi."

Hapo Mama Pacha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi Soli alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka naye. Walipotulia, aliketi kwenye benchi kando ya paka.

"Kumbe siku zote hizi nilikuwa najipigia hodi mwenyewe," alisema. Safari hii hakucheka.

"Usivunjike moyo, kaka," mkutubi alisema, akaketi upande wa pili wa paka. "Nikuambie jambo la kule maktaba. Watu wakija, hawaniombi kitabu kwa jina. Mmoja ananiambia, 'Mtoto wangu halali usiku, nisome nini?' Mwingine, 'Kuku wangu wanakufa.' Wanakuja na shida yao, kwa maneno yao. Kazi yangu ni kujua kitabu gani kina maneno hayo."

"Na simu je?"

"Simu ni vilevile. Watu wanaandika shida yao pale pa kutafutia. Nyuma yake kuna mashine inayozunguka ikisoma tovuti, na ikiulizwa inaonyesha zile zenye jibu. Sasa hebu weka kidole kwenye hilo neno 'viatu'. Lichague, kama unavyochagua maneno ya ujumbe."

Fundi Soli alibonyeza. Neno halikuchagulika. Akabonyeza tena kwa nguvu.

"Utatoboa simu yangu! Halichaguliki kwa sababu si maandishi. Ni picha. Shemeji yako ameandika kwenye picha ili ipendeze. Macho yako yanasoma, lakini ile mashine mara nyingi inaona picha tu. Na picha yenyewe ni nzito. Mwenye simu ndogo atangoja, atachoka, ataondoka."

"Hilo linarekebishika," Fundi Soli alisema.

"Linarekebishika. Ila kubwa zaidi ni hili. Mama mwenye mtoto anayechechemea, anaandika nini kwenye simu yake? Ataandika 'viatu maalumu kwa watu maalumu'?"

Fundi Soli alitikisa kichwa. Mkutubi alimgusa bega.

"Adabu ya mzee wako naijua, na ni nzuri. Nawe huandiki mguu wa fulani. Unaandika shida, na kwamba ina msaada. Sura ya mtu usiiweke. Weka kiatu tu, tena umwombe mwenyewe ruhusa kwanza. Lakini ukinyamaza kabisa, huyo mama atakupataje?"

Hapo ndipo neno lilipomwingia. Miaka yote aliona kunyamaza ni kuwalinda watu. Kumbe sasa kunyamaza kulikuwa kunawafungia mlango.

Jioni ile alimpigia simu mteja wake wa zamani, mwalimu mstaafu.

"Mwalimu, samahani kwa swali hili. Kabla hujanijua, ungetafuta msaada kwa maneno gani?"

Mwalimu alicheka. "Fundi, leo umeniuliza! Ningesema, 'Mguu wangu mmoja ni mfupi, kiuno kinauma, nifanye nini?' Hayo ndiyo niliyomwambia kila mtu."

"Hutaona vibaya nikiyaandika? Jina lako sitalitaja."

"Yaandike! Kuna mtu mahali anayauliza saa hii."

Aliwapigia na wengine. Mmoja alisema "soli ya kiatu inalika upande mmoja". Mwingine alisema "mtoto wangu anachechemea". Hakuna aliyeudhika. Wengine walimshukuru kwa kuwakumbuka, na Fundi Soli akaona haya kwamba hakuwauliza mapema.

Shemeji alinuna kidogo kwa ajili ya njiwa wake. Kisha akakunja mikono ya shati, akafanya kazi ya kiume kweli. Akaitoa suti. Akapunguza uzito wa picha. Maandishi yakawa maandishi. Juu kabisa aliweka namba ya simu, saa za kazi na njia ya kufika: nyuma ya ukumbi wa mikutano, mlango wa kijani. Akaiweka karakana kwenye ramani ya simu pia. Halafu kila shida ikapewa ukurasa wake. Fundi Soli aliongea, Mama Pacha akaandika, maana mume wake akiandika hujaza "kwa heshima na taadhima" kila mstari.

Ukurasa mmoja ulianza hivi: "Mtoto wako anachechemea kwa sababu mguu mmoja ni mfupi? Mpeleke kwanza hospitali apimwe. Daktari akisema anahitaji kiatu cha kuinua, tutakitengeneza kwa vipimo hivyo."

Mkutubi aliusoma wote. "Safi! Sasa usikae ukingoja. Nenda kwenye kliniki mpya. Wao wana tovuti yao. Waombe waitaje yako, mtu akibonyeza aje moja kwa moja kwako. Mashine ikiona wanaoaminika wanakutaja, nayo inakuamini zaidi."

Fundi Soli alivuka mji na jozi ya viatu mfukoni. Muuguzi mkuu alivigeuza, akavipima, akakunja soli. "Na sisi tulikuwa hatujui pa kuwapeleka watu!" alisema. Wiki hiyohiyo kliniki ikaitaja tovuti.

Kulikuja pia ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua. Alitaka kumuuzia wageni wa tovuti, maelfu kwa mkupuo. Mama Pacha aliusoma kwa sauti. "Hao wageni wa kununua wana miguu?" aliuliza, akaufuta.

Wiki zikapita. Fundi Soli alikatazwa kukitazama kihesabu, na shemeji akakiondoa kabisa. Mwanzoni kimya kilimtesa. Kisha asubuhi moja simu ikalia. Akadhani ni mtu wa cherehani. Hakuwa yeye. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya wasiwasi.

"Ni wewe uliyeandika kuhusu mtoto anayechechemea?"

"Ni mimi, mama."

"Ni kweli, au ni maneno ya mtandaoni tu?"

"Njoo uone, mama. Mlango wa kijani."

Alikuja na binti yake mdogo na karatasi ya vipimo ya daktari. Mtoto aliegemea upande mmoja kila akisimama. Mama Pacha, kwa jicho la fundi nguo, aliona jambo: mtoto ameegemea, lakini pindo la gauni lake limenyooka. Akarudi kwenye sare zake. Fundi Soli alichora mguu, akakata soli, na cherehani ikanguruma mchana kutwa. Alikuwa hajaisikia hivyo muda mrefu, akaimba nayo.

Waliporudi kuchukua viatu, mtoto alivivaa taratibu. Akasimama. Akapiga hatua, akapiga nyingine. Akaenda hadi kwenye kioo cha ukutani, akajitazama mabega. Kisha akatazama chini, akapasua kicheko.

"Mama! Sasa gauni ndilo linachechemea!"

Na kweli. Pindo lilikuwa limepanda upande mmoja. Miaka yote mama yake alilikunja zaidi upande ule, kila gauni, ili watu wasione.

Mama yule alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia. "Nilidhani ni mwanangu peke yake," alisema. "Nikaandika tu kwenye simu, sikutumaini lolote. Nikakuta maneno yangu yaleyale. Nikajua kuna mtu anatujua. Mungu akubariki, Fundi."

"Nakushukuru wewe, mama," Fundi Soli alisema. "Wewe umeniokolea kazi yangu. Namshukuru na dada yetu wa maktaba, na mwalimu, na shemeji yangu pamoja na njiwa wake."

Mama Pacha alikuwa ameshapiga magoti, sindano mdomoni. Alifumua uzi wa pindo kwa uangalifu, akalishusha, akalipiga tena pande zote sawa. "Simama, mwanangu," alisema. Mtoto akasimama.

Mtu wa cherehani alipopiga simu mwisho wa mwaka, Mama Pacha ndiye aliyepokea. "Haiuzwi, kaka," alimwambia. "Na usije leo, benchi limejaa. Hata paka amekosa pa kulala."