Breki Zilizogoma Amani

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumanne moja ya Julai 1954, gari jekundu la mashindano la Bwana Stavro, mwenye shamba la mkonge, lilikutwa limebamiza ukingo wa barabara chini ya Amani, kule milimani Usambara. Bwana alivunjika paja. Dereva wake, Massoud wa Pemba, alitoka mzima, na kwa uzima wake huo akatiwa pingu.

Gari likavutwa hadi polisi Tanga. Methusela, fundi Msambaa wa gereji ya mtaa wa Usagara pale mjini, akaitwa kulikagua. Saa tisa alasiri akakanyaga breki. Zikashika.

"Basi dereva hakukanyaga," akasema Inspekta.

"Wallahi nilikanyaga!" Massoud akalia. "Pedeli ngumu kama jiwe, gari halisikii!"

"Lililala wapi?" akauliza Methusela.

"Amani, nje, kwenye baridi ya mlimani. Jana kupanda breki zilikuwa dhaifu kidogo, lakini zikishika."

Methusela akalala chini ya gari. Mabomba hayakupasuka wala kuvuja tone. Ugonjwa gani huu unaopona kwa joto la Tanga? Akamkumbuka mkewe Ruthi, walipoishi kwao Lushoto, alfajiri akiiweka chupa yake ya mafuta karibu na moto kabla ya kujipaka. Akachovya kidole kwenye kikopo cha mafuta ya breki, chini ya boneti iliyofumuliwa na ajali, akanusa, akaomba chupa tupu.

Inspekta alimshuku Idarusi, mwosha magari wa shamba aliyegombana na Massoud.

"Mimi?" akajibu Idarusi. "Boneti ina kufuli, na ufunguo anao fundi wa shamba, mzee Ernesti."

Kesho yake saa tatu Massoud, Idarusi na Ernesti wakakusanywa uani kwa polisi. Methusela akaweka mezani chupa iliyoviringishwa gazeti.

"Haya yametoka kwenye breki. Si mafuta ya breki."

Ernesti akacheka. "Nililijaza mwenyewe, kopo jipya. Massoud akiongeza ya nazi njiani, mimi naingiaje?"

"Nazi umeitaja wewe, mzee. Mimi sijaitaja."

Methusela akaitia chupa kwenye ndoo ya barafu. Baada ya dakika kumi akaifungua: mafuta yameganda, meupe pee.

"Tanga yanapita kama maji. Amani alfajiri yanaziba bomba."

Ernesti akaketi chini. "Miezi minane nimeifufua injini ile kwa mikono hii. Siku ya kwanza gari linatoka, Bwana kampa Massoud aliendeshe. Nilitaka mafuta ya nazi yalegeze mipira ya breki tu, aonekane hajui kazi. Habari za baridi sikuzijua."

"Injini niliiona, mzee. Kazi safi," akasema Methusela polepole. "Ndiyo maana imeniuma."

Massoud akafunguliwa pingu. Akamkumbatia Methusela.

Inspekta akaanza kuandika ushahidi, akisoma kwa sauti: "Methusela, kibarua wa gereji..."

"Andika fundi, Bwana."

Inspekta akamtazama. Methusela hakuinamisha macho. Kalamu ikakata neno moja, ikaandika jingine, ndipo Methusela akatia sahihi.