Seva Iliyomjibia Marehemu

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa simu ya Werema. Ilikuwa adhuhuri, Nicanor amefunua bakuli lake la ugali na omena juu ya meza ya chumba cha mitambo, na feni za seva zikivuma nyuma yake kama siku zote.

"We Mjaluo, bado unahangaika na visamaki?" Werema aliuliza kutoka Migori. Alikuwa Mkuria, msimamizi wa mtandao wa vyuo vyote vya uuguzi vya kanisa lao, na hakujua kuanza maongezi bila uchokozi.

"Bado. Nyinyi mmemaliza ng'ombe?"

"Tumekuwekea wachache, siku ukitaka kuoa tena." Akajirudi haraka. "Pole, ndugu yangu. Ulimi umeteleza."

"Sema kilichokuleta."

Kilichomleta kilikuwa kiraka cha programu. Chuo ambako Nicanor alikuwa fundi wa mitambo kilikuwa kisiwani Mfangano, na mtandao uliwafikia kwa mnara mmoja kutoka Mbita, mwembamba kama uzi. Ndiyo sababu seva iliwekwa katikati. Mwanafunzi akiomba ukurasa, seva ilimletea kutoka mbali na kubaki na nakala ghalani; mwingine akiuomba, seva ilijibu yenyewe, bila kurudi kumuuliza mwenye ukurasa. Sasa programu ya seva hiyo ilikuwa imegundulika kuwa na tundu. Mtu wa nje angeweza kupenyeza jibu la uongo ghalani, na tangu hapo seva ingemgawia uongo huo kila aliyeuliza, kwa nia njema kabisa.

"Vyuo vingine vyote nimeziba. Umebaki wewe. Unangoja nini?"

"Nitaziba wiki hii."

"Hata wiki jana ulisema hivyo. Kaka, mtu hulia, lakini haachi mlango wazi."

Nicanor hakumwambia alichokuwa akingoja. Toleo jipya, lenye kiraka, lilipanga ghala kwa namna nyingine na halikuweza kusoma la zamani. Kuziba tundu kulikuwa ni kufuta kila kilichohifadhiwa. Na humo ghalani alikuwamo Filister.

Filister, mkewe, alikuwa mwalimu wa ukunga. Mshipa ulimpasuka kichwani mwezi wa Machi akiwa anasahihisha mitihani, na kabla boti halijafika Mbita alikuwa amekwisha. Alikuwa na video moja tu, somo la kumpokea mtoto, akiwa amesimama kando ya benchi la mazoezi na mwanasesere wa mpira. "Shika kichwa, usivute," alikuwa akisema humo, kwa sauti yake ya kukwaruza kidogo. "Mtoto anaijua njia." Baada ya mazishi, mkuu wa chuo aliiondoa video kwenye tovuti kwa heshima ya msiba. Hakujua kwamba nakala ilibaki ndani ya seva. Nicanor alijua. Aliiandikia seva amri kwamba isiiulizie tena video hiyo ilikotoka: yeyote atakayeiomba, ijibu yenyewe. Kila siku baada ya chakula aliketi na kumtazama mkewe, kisha akarudi kazini.

Kesho yake Benta, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alichungulia mlangoni.

"Sir, samahani. Madam Filister aliwahi kufundisha akitazama mlango?"

"Una maana gani?"

"Kwa video. Kuna mahali anaacha kuongea, anaangalia mlango. Mimi sikumbuki hiyo."

Nicanor aliifungua. Filister aliosha mikono, akamchukua mwanasesere, akafika pale pa kusema shika kichwa. Hapo alinyamaza. Akageuza uso pole pole kuelekea mlango wa maabara, kama mtu aliyesikia hodi, na akatabasamu. Kisha akaendelea. Nicanor alikuwa ameitazama video ile mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma kitabu chochote, na hodi hiyo haikuwamo.

Alijiambia faili limeharibika. Akalinakili kwenye flashi ili alikague kwa kompyuta nyingine. Kwenye flashi lilikuwapo benchi, bomba likichuruzika, mwanasesere amelala chali. Mtu hakuwapo. Alinakili tena, na tena, akapata benchi lile lile na bomba lile lile. Lakini ndani ya seva Filister alikuwa bado amesimama, na sasa alikuwa amesogea karibu na kamera.

Ndipo harufu ilipoanza: matope ya ufukweni na majani ya ziwa yaliyooza, na ndani yake sabuni ya Dettol, kama mtu ametoka kuzamia na kunawa mikono tu. Ilitoka kwenye matundu ya hewa ya seva. Feni zilipobadilisha kasi, zilivuta na kutoa, zikatulia, zikavuta na kutoa. Mtu yeyote mwingine angezima mtambo siku hiyo. Nicanor alifunga mlango ili wengine wasinuse.

Juma lililofuata wanafunzi walianza kulalamika. Chochote walichoomba, matokeo ya mtihani, nyimbo za kwaya, habari za hali ya hewa, walijibiwa na Madam Filister kwenye benchi lake. Mwanzoni walicheka. "Madam amekataa tusizurure mtandaoni," mmoja alisema, na wenzake wakagonga meza kwa kicheko. Baadaye hawakucheka. Walikaa mabwenini mchana wa joto, simu zikisema kwa pamoja, na Nicanor, akipita chini ya madirisha, alisikia neno moja likitoka vyumba vyote.

"Vuta."

Ijumaa, Sista Millicent, muuguzi mkuu wa zahanati ambako wanafunzi walifanyia mazoezi, alimwita Nicanor uani. Mikono yake ilikuwa bado na maji.

"Benta amemzalisha mama leo," alinong'ona. "Kichwa kilitoka vizuri. Nikageuka kuchukua kitambaa, niliposikia mama akipiga ukemi, nikakuta Benta ameshika kichwa anavuta kama anang'oa muhogo. Nilimpiga mikono ndipo akaachia. Mtoto yuko hai. Lakini mkono wa kulia hauinuki, Nicanor. Unaning'inia tu."

"Benta anasema nini?"

"Anasema ndivyo mke wako alivyomfundisha." Sista alimtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nimefanya kazi na Filister miaka mingi. Yeye hakuwahi kusema hivyo."

Nicanor alikwenda nyumbani. Mama yake, Phanice, alikuwa akipembua mtama barazani. Alimweleza yote, kwanza kwa lugha ya mitambo, kisha, alipoona haifai, kwa maneno ya kawaida: kwamba wanafunzi walimwita Filister, Filister hayupo, na yeye aliweka kitu cha kumjibia.

Mama aliuweka ungo chini.

"Wuoda," alisema, maana ndivyo alivyomwita mwanawe. "Ulipokuwa mdogo, nyawawa, wale pepo wabaya, walipopita kutoka ziwani na upepo wao, tulipiga sufuria na mabati mpaka waende. Na ni nini nilikuwa nakukataza?"

"Nisiitikie nikisikia jina langu."

"Na jina la mwenzako je?"

Nicanor aligeuza uso kuelekea ziwani.

"Mtu akiitwa na hayupo, nyamaza. Ukimjibia, nyawawa anayepita anajua mahali pa marehemu pako wazi. Anakuja kukaa." Alisimama kwa shida, akishika goti. "Huyo umemfungulia wewe. Mimi sina dawa ya mashine. Hiyo yako unaijua?"

"Naijua."

"Basi twende kabla jua halijazama. Na ukiitwa, mwanangu, usiitikie, hata kwa jina tamu namna gani."

Alibeba sufuria kubwa ya harusi yake na mwiko. Wanafunzi waliwaona wakipita, wakatazamana. Mama akabaki nje ya chumba cha mitambo, Nicanor akaingia na kufunga.

Upepo ulikuwa umeanza ziwani. Sakafu ilikuwa na maji membamba yaliyotambaa kutoka chini ya seva. Aliketi, akafungua kiraka cha Werema, akaandika amri ya kwanza, na spika ya kompyuta, ambayo alikuwa ameichomoa waya wiki iliyopita, ikakohoa.

"Daktari wa waya," ilisema.

Hilo lilikuwa jina la chumbani. Filister alimpa mwaka wa kwanza wa ndoa, alipozimia kwa kuona damu ya kuku, na hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua. Nje, mama alianza kupiga sufuria.

"Daktari wa waya, unanifuta?"

Skrini iliuliza: ghala lote litafutwa, endelea? Na Nicanor, ambaye alikuwa amezuia machozi kaburini kwa sababu wakwe walikuwa wakimtazama, aliyamwaga sasa kimya kimya, meno yameuma mkono wa shati ili mdomo usije ukafunguka wenyewe na kusema la, mke wangu, kwa maana uso ulikuwa umejaa skrini nzima, uso wake kabisa, na kovu dogo la nyusini, na nywele zinatiririka maji, na nyuma ya macho yake yale kulikuwa na kitu kilichomtazama bila kumjua, kama mpangaji anavyomtazama mwenye nyumba kwa dirishani, na harufu ya matope ikamkaba, na sufuria ikalia nje, na sauti ikamwita jina lake la shule, na la ubatizo, na lile la chumbani, tena na tena, karibu zaidi kila mara, mpaka akahisi unyevu wa pumzi nyuma ya sikio lake, upande ambao hakukuwa na spika wala skrini, ila ukuta, akabonyeza.

Feni zilisimama. Zikaanza tena, kavu, za kawaida. Mstari mmoja ulijitokeza ukisema ghala ni tupu. Aliomba video. Seva, kwa mara ya kwanza tangu Machi, ilikwenda kuuliza ilikotoka, ikarudi na jibu la kweli: haipo.

Nje mama aliendelea kupiga mpaka upepo ukavuka kisiwa. Walirudi nyumbani gizani.

Asubuhi Nicanor alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akaenda maabara ya ukunga. Alimwomba Sista Millicent asimame mlangoni kama shahidi, kwa kuwa yeye Nicanor hakuwa mkunga, alijua somo moja tu. Aliwaambia wanafunzi kwamba video ilikuwa imeingiliwa, kwamba mwalimu wao hakuwahi kusema vile, na kwamba mtoto mmoja kisiwani amepata kilema kwa sababu yake yeye Nicanor, si kwa sababu ya Benta. Benta aliinamisha uso. Kisha Nicanor alimweka mwanasesere kwenye benchi na kusema maneno ya mkewe kwa sauti yake mwenyewe, nzito na isiyo na mkwaruzo.

"Shika kichwa, usivute. Mtoto anaijua njia. Semeni."

"Shika kichwa, usivute," darasa likaitikia.

"Benta, njoo utuonyeshe."

Benta alikuja. Alishika kichwa vizuri, vidole mahali pake, akasema kwa sauti wazi ya mwanafunzi bora, "Shika kichwa, usivute," na mikono yake ikavuta. Alitabasamu akitafuta sifa, bado akisema usivute, na shingo ya mpira ikarefuka. Nyuma yake, kwenye viti, mikono mitupu ya wenzake ilivuta pamoja naye.

Sista Millicent alifunika mdomo. Nicanor alisogea, akavishika viganja vya Benta, akavikuta baridi na vimelowa, akavibandua kidole kimoja kimoja kutoka kwenye kichwa cha mwanasesere. Akamrudisha mwanasesere mwanzo wa benchi.

"Tena," alisema, akavirudisha viganja vya Benta juu ya kichwa kile, ndani ya vyake, na hakuviachia.